Vijana wanaouza nafasi ya tovuti: biashara ilitoka wapi, na mashine ziko wapi

Ukitembea mjini Goma, Bukavu ao Lubumbashi utakuta vijana wanaosema wana kampuni ya kuhifadhi tovuti. Ofisi ni chumba kimoja, kompyuta mbili, batri ya sola pembeni. Ukiwauliza seva iko wapi, watacheka kidogo kisha watakujibu: Ufaransa, Ujerumani, ao Marekani. Kuna wakaaji wanaofikiri kwamba huo ni utapeli. Si utapeli. Biashara hii ilizaliwa kwa kupangisha nafasi, na aliyeichunguza historia yake anajua pia ni wapi mteja anaweza kuumia.

Tovuti ya kwanza duniani iliishi ndani ya kompyuta moja tu, pale CERN, kituo cha utafiti karibu na Geneva, Uswisi, ambako Tim Berners-Lee alikuwa anafanya kazi. Watu wa nje walianza kuijua mwaka 1991. Kompyuta hiyo ilibandikwa karatasi yenye wino mwekundu inayokataza mtu yeyote kuizima, kwa sababu ikizimwa, tovuti nayo haionekani tena. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitoa programu zake bure kwa kila mtu. Tangu siku hiyo, aliyetaka kuwa na tovuti alihitaji kompyuta inayowaka usiku na mchana, umeme usiokatika, na laini ya intaneti iliyo wazi saa zote. Chuo kikuu kilikuwa navyo. Duka la viatu halikuwa navyo. Basi mwenye navyo akaanza kumkodisha asiye navyo.

Wa kwanza kupata jina kubwa waligawa bure. Mwishoni mwa 1994, huko California, David Bohnett na John Rezner walianzisha huduma iliyokuja kuitwa GeoCities. Walipanga kurasa za watu kama mitaa ya mji: wapenda sinema mtaa wao, wapenda magari mtaa wao, na kila mkaaji na namba ya nyumba yake. Yahoo waliinunua mwaka 1999 kwa dola bilioni kadhaa. Miaka kumi baadaye, Oktoba 2009, wakaifunga. Kazi za mamilioni ya watu zingepotea zote kama wasingejitokeza watu wa kujitolea kuzinakili kabla ya mlango kufungwa. Waliokuwa wamepanga bure hawakuwa na mkataba wa kuonyesha kwa mtu yeyote.

Kilichomfungulia njia muuzaji mdogo ni jambo dogo la kiufundi ambalo watu hawalizungumzii sana. Kila mashine kwenye intaneti ina namba yake, kama namba ya simu. Zamani, kivinjari kilipopiga namba hiyo hakikusema kinatafuta tovuti gani, kwa hiyo kila tovuti ilihitaji namba yake peke yake. Namba ziligharimu. Januari 1997 ilitoka kanuni mpya ya mawasiliano, HTTP 1.1, iliyolazimisha kivinjari kutaja jina la tovuti kinayoitaka. Ni kama mgeni anayefika kwenye kiwanja chenye nyumba nyingi: zamani alibisha hodi tu, sasa anasema “namtafuta mama fulani.” Programu ya seva iitwayo Apache, ambayo ilikuwa bure tangu 1995, iliweza kusikiliza jina hilo na kufungua mlango unaohusika. Mashine moja, namba moja, tovuti mia moja. Hapo hesabu ya biashara ikabadilika kabisa.

Karibu wakati huohuo, mwaka 1996, kijana Mmarekani, Nick Koston, alitengeneza cPanel, programu inayomwezesha mteja kufungua sanduku la barua pepe ao kupandisha kurasa zake kwa kubonyeza, bila kujua amri za seva. Muuzaji naye akapata dirisha lake la kukata mashine vipande na kumpa kila mteja kipande na neno la siri lake. Sasa haukuhitaji kuwa na mashine. Ulikodi kwa mkubwa, ukaigawa, ukauza rejareja.

Tufanye hesabu ya mfano, bei si za kampuni yoyote. Umekodi seva kwa dola 20 kwa mwezi. Umepata wateja 30, kila mmoja analipa dola 3. Inaingia 90, inabaki 70, kabla ya mega, umeme na usafiri. Si utajiri, lakini mwanafunzi analipa masomo yake. Kishawishi kipo hapohapo: kuwaahidi wateja nafasi kubwa kuliko iliyopo, ukitumaini hawataitumia wote siku moja. Wengi duniani wamefanya hivyo, na wakubwa pia.

Hata wakubwa walianza wadogo. Octave Klaba alizaliwa Poland mwaka 1975, akahamia Ufaransa na familia yake akiwa kijana. Mwaka 1999, akitoka masomo ya uhandisi huko Lille, alianzisha OVH pamoja na wazazi wake na ndugu yake. Walijiweka Roubaix, mji wa viwanda vya nguo vilivyokuwa vimekufa. Walijiunganishia seva wenyewe, na tangu 2003 walizipoza kwa maji badala ya kutegemea viyoyozi peke yake, ndiyo maana waliweza kushusha bei. Kwa sisi tunaosoma Kifaransa, jina hilo likawa njia ya kwanza.

Lakini kwa nini tovuti zetu zisikae hapa Congo? Tukumbuke hali ilivyokuwa. Nchi yenyewe ilikuwa inabadilisha jina: anwani za Zaire ziliishia na .zr, kisha mwaka 1997 ikaja .cd, na ile ya zamani ikafutwa kabisa mwaka 2001. Intaneti yetu ilipita angani. Setilaiti za namna ile zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi, na swali pamoja na jibu vinachukua zaidi ya nusu sekunde kabla ukurasa haujaanza kufunguka. Kebo ya baharini WACS ilizinduliwa rasmi upande wetu, Muanda, mwaka 2013 tu. Huku mashariki tunategemea njia zinazopita Rwanda na Uganda kuelekea Bahari ya Hindi. Weka juu yake umeme unaokatika. Na kwa Goma weka mlima: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika maduka na ofisi. Kompyuta iliyokuwa Ulaya haikuona hata moshi.

Pia wasomaji wetu wengi wako Brussels, Paris, Nairobi. Kuweka kurasa Ulaya hakukuwa kuidharau nchi.

Basi muuzaji wa hapa anauza nini, kama mashine si yake? Kwa maoni yangu anauza kitu ambacho kampuni ya Roubaix haiuzi: malipo na maelezo. Mama mwenye hoteli ndogo hana kadi ya benki inayokubalika kwenye intaneti. Ana M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, ao noti mkononi. Kijana anazipokea, anatafuta njia ya kulipa Ulaya, na tovuti isipofunguka anakuja mwenyewe, anaeleza kwa Kiswahili. Daraja hilo lina thamani yake, ila linashikiliwa na mtu mmoja.

Redio moja niliyofanyia kazi ilikuwa na tovuti iliyohifadhiwa kwa njia hiyo. Muuzaji alihama nchi, simu yake ikawa haipatikani, na malipo ya mwaka hayakufika kwa mkubwa wa seva. Vipindi vya miaka minne vilifutwa: ushuhuda wa wakimbizi, mijadala ya uchaguzi, sauti za wazee ambao leo hawako tena. Mkurugenzi alitaka angalau jina la tovuti lirudi. Ikaonekana limeandikishwa kwa jina la muuzaji, si la redio. Kisheria redio ilikuwa mgeni katika nyumba yake yenyewe. Ndiyo sababu nawaambia wenye vyama na vituo vya redio: kabla ya kuuliza bei, uliza jina litaandikwa kwa nani.

Muuzaji naye ana mabwana zake. Mwaka 2019 cPanel, ikiwa tayari mikononi mwa wawekezaji wapya, iliacha kutoza kwa seva ikaanza kutoza kwa hesabu ya wateja waliomo. Wadogo waliojaza wateja wengi wa bei ndogo ndio walioumia zaidi. Wengine walipandisha bei, wengine wakahamia programu za bure.

Mwanzo wa mwaka huohuo sisi tulikuwa na shida nyingine. Siku moja baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 serikali ilikata intaneti, kwa karibu majuma matatu. Tovuti za Congo zilizoko Ulaya ziliendelea kusimama, na watu wa nje walizisoma. Waliozifungua na kuzilipia ndio hawakuweza kuziona. Kinshasa ilikuwa na kituo cha kubadilishana mawasiliano, KINIX, tangu 2002, na baadaye Lubumbashi na Goma zilipata vyao, ili data ya hapa isizunguke ng’ambo bure. Lakini ukurasa ulioko Ufaransa kituo hicho hakiusaidii sana.

Kisha Ulaya yenyewe ikaungua. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la OVH mjini Strasbourg na kuharibu sehemu ya jengo la pili. Mamilioni ya tovuti yalizimika. Wateja fulani walikuwa wamelipia nakala za akiba, wakagundua kwamba nakala zenyewe zilikuwa palepale penye moto. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille, katika hukumu ya kwanza, iliamuru kampuni imlipe mteja mmoja zaidi ya euro 100,000 kwa sababu hiyo.

Kijana mmoja anayehifadhi tovuti hapa mjini aliniambia kwamba tangu moto ule, kila Jumapili anashusha nakala ya wateja wake wote kwenye diski anayoiweka nyumbani kwa dada yake, mtaa mwingine. Anaifanya saa saba za usiku, mega zikiwa za bei nafuu. Wateja hawajui, na hajawaongezea bei.