Nguruwe Waliobishana na Maabara

Ukisoma kwamba mwamba fulani una miaka milioni 1.88, jiulize kwanza: walipima nini hasa? Swali hili liliwahi kuzua ubishi mkali kuhusu Koobi Fora, Kenya, ubishi uliochukua takriban miaka kumi.

Mwaka 1969, Kay Behrensmeyer alikuta zana za mawe kwenye tabaka la majivu ya volkeno mashariki mwa Ziwa Turkana. Tabaka hilo likaitwa KBS. Sampuli zake zilipelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller.

Kipimo chao kilitegemea saa ya asili. Ndani ya madini mengi mna potasiamu-40, ambayo sehemu yake hugeuka polepole mno kuwa gesi ya arigoni. Mwamba ukiwa umeyeyuka, gesi hutoroka. Ukipoa na fuwele kuganda, gesi inanaswa humo, na saa inaanza kuhesabu. Pima gesi iliyojikusanya, linganisha na potasiamu, utapata umri.

Lakini jibu la kwanza lilizidi miaka milioni 200! Haiwezekani kabisa. Kumbe majivu yale yalisombwa na maji kabla ya kutulia, yakachanganyika na chembe za miamba mikongwe. Wakachagua fuwele safi zaidi, na mwaka 1970 wakatangaza takriban miaka milioni 2.6.

Sasa hapo ndipo mambo yakawa mazito. Mwaka 1972, Bernard Ngeneo, wa timu ya Richard Leakey, aligundua vipande vya fuvu namba 1470 chini ya tabaka hilo. Kilicho chini kilitangulia kufukiwa, kwa hiyo fuvu lilikadiriwa kuwa na miaka milioni 2.9. Binadamu mwenye ubongo mkubwa kiasi kile, zamani namna ile? Hadithi nzima ya asili yetu ingebidi iandikwe upya.

Waliopinga kwa nguvu walikuwa na ushahidi wa nguruwe. Basil Cooke alilinganisha meno ya nguruwe wa kale wa Koobi Fora na ya wale wa bonde la Omo, Ethiopia, akaona wanafanana na wale wa takriban miaka milioni 2 tu. Mwaka 1975, Garniss Curtis na wenzake wa Berkeley walipima upya, wakapata 1.8 na 1.6. Mwaka uliofuata, kipimo kingine, cha kuhesabu michirizi inayoachwa na atomi za urani zikipasuka ndani ya fuwele za zirkoni, kikaunga mkono umri mkubwa. Mashine dhidi ya mashine!

Suluhu ilipatikana kwa uvumilivu. Thure Cerling na Frank Brown walionyesha kwa kemia kwamba majivu ya KBS yanalingana na tabaka moja la Omo. Kufikia 1980, Andrew Gleadow alikuwa amehesabu upya michirizi ya zirkoni, na Ian McDougall amepima upya arigoni kwenye fuwele zilizochambuliwa vizuri. Wote wawili wakafika karibu na 1.88. Nguruwe walikuwa sahihi.

Kwa hiyo, msomaji, ukiona namba kwenye ripoti ya maabara, usiishie kuuliza mashine ni ya aina gani. Uliza pia nani alichambua chembe, alizitoa wapi, na je, kuna ushahidi wa aina nyingine unaokubaliana naye?