Kahuzi-Biega: sokwe walihesabiwa, Wambuti hawakuulizwa

Wasikilizaji wetu waliokimbia vijiji wanajua uchungu wa kuacha shamba na kaburi la mzazi. Wambuti wa Kivu ya Kusini, wanaoitwa pia Batwa, waliyaacha yao kwa ajili ya mbuga ya wanyama.

Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ili sokwe walindwe. Wambuti ndio waliomwonyesha njia za porini na nyayo za sokwe hao. Katika miaka hiyo hiyo ya 70 wakaondolewa, bila kuulizwa wala kulipwa fidia. Mwaka 1975 mbuga ikapanuliwa kutoka hektari 60,000 hadi 600,000. Mwaka 1980 UNESCO ikaiweka katika urithi wa dunia.

Kwa muda mrefu wataalamu waliosikilizwa ni wale wa kuhesabu: sokwe wangapi, tembo wangapi. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini haionyeshi namna Wambuti walivyobaki kando ya mbuga wakifanya kibarua katika mashamba ya wengine. Hapo alihitajika mtu wa kuketi nao na kuuliza. Mwanasheria Mkongomani Albert Kwokwo Barume alitoa kitabu juu yao mwaka 2000, miaka 30 baada ya mbuga kuundwa!

Oktoba 2018 baadhi ya familia zilirudi porini. Mapigano yakatokea, Wambuti na walinzi wa mbuga wakapoteza maisha, na miti mingi ikakatwa. Watu wakasema: ona, Wambuti ndio waharibifu. Watafiti wa mambo ya jamii wakafuatilia makala na mbao zinakokwenda, wakakuta wafanyabiashara na watu wenye silaha. Walikuta pia baadhi ya viongozi wa Wambuti wakipata sehemu yao, nami nawaheshimu kwa kutolificha hilo.

Mwaka 2022 nchi yetu ilipata sheria ya kulinda haki za Wambuti. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya haki za binadamu: serikali iwarudishie Batwa wa Kahuzi-Biega ardhi yao, iwalipe fidia na iwaombe radhi hadharani.

Kurudisha ardhi kunahitaji kujua ni ipi. Waliozaliwa ndani ya pori wamepita miaka 50 sasa, na ndio wanaojua kilima kipi kilikuwa cha ukoo gani. Watafiti wawawahi.