Mshairi na Idhini ya Kamati

Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Ilikabidhiwa kusanifisha tahajia na kukagua vitabu, na kitabu kilichoridhisha kilipewa idhini yake. Kwa hiyo mwandishi alijisahihisha mapema, akijua kwamba atapimwa kwa Kiunguja, lahaja iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928.

Mwandishi wa nathari hakupata hasara kubwa. Mshairi wa Mvita alikuwa na taabu nyingine. Yeye husema mato, wala si macho. Ndia, wala si njia. Akiandika macho mahali pa mato, mizani haipungui hata moja, bali kina cha -to kimekufa, na ubeti umevunjika. Usahihishaji wa namna hiyo (ikiwa wastahili jina hilo) haumwondolei mtunzi kosa lolote.

Si kwamba washairi wa kale walidharau kujisahihisha. Watunzi wengi wa tenzi walihitimisha kwa kumwomba msomaji awatengenezee walipokosea. Waliungama makosa yao. Lahaja hawakuiungama, maana haikuwa kosa.

Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa maandishi yake ya kisiasa, alitunga gerezani kwa siri, akiandika juu ya karatasi za chooni. Sauti ya Dhiki ilichapishwa mwaka 1973, na Kimvita chake kimo. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.