Asidi ya Nta na Hesabu ya Kaboni Zake

Nta ya nyuki imetumiwa na binadamu kwa maelfu ya miaka, lakini hadi mwanzoni mwa karne ya 19 wanakemia walijua machache tu kuhusu umbo lake: kwamba alkoholi inayochemka huyeyusha sehemu yake moja, iliyoitwa serini, na kuiacha nyingine, iliyoitwa mirisini. Mfaransa Michel Chevreul alikwisha kuonyesha, katika kitabu chake cha mwaka 1823, kwamba mafuta ya wanyama ni asidi zilizofungamana na gliseroli, kimiminika kitamu kinachobaki sabuni inapotengenezwa. Nta haikuingia katika kanuni hiyo, kwa sababu hata ikichemshwa na magadi makali haitoi gliseroli.

Aliyefumbua jambo hilo ni Mwingereza Benjamin Collins Brodie, mwanafunzi wa mwanakemia Justus Liebig huko Giessen, Ujerumani. Katika uchunguzi wake wa mwaka 1848 alithibitisha kwamba serini kwa sehemu kubwa ni asidi huru, yaani asidi isiyofungamana na kitu kingine, akaiita asidi ya serotiki. Mirisini nayo aliitambua kuwa hasa ni esta, kampaundi inayozaliwa asidi inapoungana na alkoholi. Asidi ya serotiki aliipata pia katika nta ya Kichina, ambayo hutolewa na wadudu wadogo wakaao juu ya miti, ila humo imefungwa na alkoholi yenye urefu unaolingana nayo. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Nishani ya Kifalme mwaka 1850, na aliistahili, kwani alifanya kwa mizani, tanuri na subira kazi ambayo leo hufanywa na mashine.

Molekuli ya asidi ya serotiki ni mnyororo wa kaboni 26, ambao mwisho wake mmoja una kundi la kaboni, oksijeni na haidrojeni linaloipa tabia ya asidi, na sehemu nyingine yote ni kaboni zilizoshika haidrojeni kadiri ziwezavyo. Kwa hiyo huhesabiwa miongoni mwa asidi zilizoshiba. Kwa desturi ya wanakemia wa leo, asidi za mafuta zenye kaboni chini ya 6 ni za mnyororo mfupi, kuanzia 6 hadi 12 ni za mnyororo wa kati, kuanzia 13 hadi 21 ni za mnyororo mrefu, na kuanzia 22 kwenda juu ni za mnyororo mrefu sana. Urefu huo ndio unaotawala tabia: asidi ya steariki, yenye kaboni 18, huyeyuka kwenye nyuzijoto 69 hivi za Selsiasi, ilhali ya serotiki hungoja hadi karibu 88, haikubali maji hata kidogo, na katika alkoholi huyeyuka ikiwa ya moto kisha ikajitenga inapopoa.

Wafanyabiashara waliihitaji elimu hii kuliko walivyodhani. Parafini ya mafuta ya petroli ilipokuwa rahisi katika nusu ya pili ya karne ya 19, nta iliyochanganywa ilijaa sokoni, na jicho halikutosha kuitambua. Mwaka 1883 mwanakemia Hübl alipendekeza kupima miligramu za haidroksidi ya potasiamu zinazohitajika kutuliza asidi huru iliyomo katika gramu moja ya nta. Nta safi hudai takribani 20. Parafini haina asidi, hivyo huishusha namba hiyo. Asidi ya steariki, inayodai karibu 197 ikiwa peke yake, huipandisha. Mlaghai aliyezichanganya zote mbili kwa hesabu angeweza kuipata 20, na ndiyo maana Hübl aliongeza kipimo cha pili cha esta, kinachopaswa kuwa karibu mara 3.7 ya kile cha kwanza. Nta ya Unyamwezi, iliyotoka katika mizinga ya magome ya misitu ya miombo na kusafirishwa Ulaya tangu enzi za Wajerumani, iliingia katika soko lenye vipimo vya namna hiyo.

Hata hivyo hesabu ya Brodie mwenyewe ilikuwa na kasoro, kwani aliipa asidi yake kaboni 27. Ubishi kati ya 26 na 27 uliendelea kwa miongo mingi, hadi wanasayansi Chibnall, Piper na wenzao walipotumia miale ya eksirei kupima urefu wa minyororo na kuonyesha, mwaka 1934, kwamba asidi za nta huwa na idadi shufwa ya kaboni, na kwamba kilichouzwa kwa jina la asidi ya serotiki kilikuwa mchanganyiko wa ndugu wanaokaribiana, hasa wenye kaboni 24, 26 na 28. Sababu ya ushufwa huo ni kwamba viumbe hurefusha mnyororo kwa kuongeza kaboni mbilimbili.

Mwili wa binadamu nao huzibagua asidi hizi kwa urefu. Zile za kawaida huvunjwa katika mitokondria, lakini zile ndefu sana huanza kufupishwa katika vyumba vidogo vya seli viitwavyo peroksisomu, ambamo wanasayansi Lazarow na de Duve waligundua uwezo wa kuvunja asidi za mafuta mwaka 1976. Mwaka huohuo kundi la mtafiti Kunihiko Suzuki liliripoti kwamba katika ubongo na tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, za wagonjwa wa adrenolukodistrofi, asidi za aina hii hulundikana kupita kiasi. Ugonjwa huo hurithiwa kupitia kromosomu X, na kwa watoto wa kiume unaweza kuharibu ala ya mishipa ya fahamu na kuwapokonya kuona, kusikia na kutembea. Mwaka 1981 daktari Hugo Moser na wenzake walieleza namna ya kuutambua kwa kupima asidi yenye kaboni 26 katika utegili wa damu. Jeni husika ilipatikana mwaka 1993. Na mwishoni mwa mwaka 2013 jimbo la New York lilianza kuwapima watoto wote wachanga, kwa tone la damu ya kisigino, likitafuta mafuta yaliyobeba mnyororo huo wa kaboni 26.