Kuuza Rehani si Kufilisi

Mwanachama wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, anaposhindwa kurejesha mkopo, watu husema atafilisiwa, au nyumba yake itapigwa mnada, au dhamana itauzwa, kana kwamba hayo ni mamoja. Kwa mhasibu huenda yakafanana, maana yote huishia kwenye fedha iliyorudi. Kwa mwenye nyumba hayafanani hata kidogo. Istilahi inayobeba maana ya sheria ni kuuza rehani. Mnada ni njia mojawapo ya kuuza, na kufilisi ni habari nyingine kabisa.

Muflisi ni mtu ambaye madeni yake yamezidi kila alicho nacho, hivyo wadai wake wote hukusanywa na mali yote hugawanywa kati yao. SACCOS iliyoshika hati ya nyumba haimfanyii mwanachama hivyo. Inadai deni moja, na inashika kitu kimoja kilichotajwa kwenye mkataba. Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Na. 4 ya 1999, inapanga wazi mgawanyo wa fedha ya mauzo: wenye haki iliyotangulia, gharama za kuuza, deni lenyewe, kisha kinachobaki hurudi kwa mkopaji. Anayeambiwa amefilisiwa atadai salio gani? Neno hilo limekwisha kumwambia kwamba hana kitu.

Dhamana nayo ni pana mno. Katika vyama vya akiba na mikopo, akiba ni dhamana, hisa ni dhamana, na wanachama wenza wa mkopaji waliotia saini ni wadhamini. Hakuna anayeweza kumnadi mdhamini. Rehani hutaja kile kilichofungwa na deni huku umiliki ukibaki kwa mkopaji, na hutukumbusha kwamba palikuwa na makubaliano yenye masharti yake. Nyumba ya familia, kwa mfano, haiwi rehani halali bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Wapo watakaopinga kwamba rehani ni kitu anachokabidhiwa mkopeshaji, kama redio inayoachwa dukani. Hiyo ni poni. Wanasiasa wanapolaumiana kwamba wameiweka nchi rehani, hakuna anayedhani imebebwa ikafungiwa stoo.

Mnada ndio wenye mtego mkubwa zaidi, hasa wilayani Maswa na kwingineko mkoani Simiyu. Huko, kama ilivyo sehemu nyingi za Tanzania, mnada ni kwanza gulio: siku ya ng'ombe, mbuzi, mitumba na nyama choma. Muuzaji na mnunuzi hupatana bei wawili wao, na muuzaji asiporidhika humrudisha ng'ombe wake nyumbani. Kunadi kwa sheria ni kutangaza mbele ya watu, wanunuzi wakapandishiana bei hadi nyundo igonge. Anayeuziwa hapo hana uhuru wa kurudi na mali yake. Kinachomlinda ni sheria tu, na ulinzi huo hauanzii siku ya mnada. Tangu Sheria ya Ardhi iliporekebishwa mwaka 2008, mkopaji hupewa taarifa ya maandishi ya siku 60 kabla mkopeshaji wa rehani ya ardhi hajatumia haki ya kuuza. Tena kuuza si lazima: mkopeshaji anaweza kupangisha mali hiyo, kuishika, au kumweka mtu wa kupokea mapato yake. Akiamua kuuza, anaweza kuuza kwa mapatano ya faragha. Lugha inayorukia mnada moja kwa moja huzifunika njia hizo zote, na chama kidogo chenye mkopaji wa nyumba ya biashara kinaweza kusahau kwamba kodi ya miezi kadhaa ingelipa deni.

Neno kuuza hubeba pia swali la bei. Sheria humtaka mkopeshaji atafute bei nzuri kadiri inavyowezekana; mali ikienda kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya soko, huchukuliwa kwamba amekiuka wajibu huo mpaka athibitishe vinginevyo. Bei duni ni hatari ya kweli vijijini Maswa. Ardhi ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya 1999, na kuhamisha hakimiliki ya kimila kunahitaji kibali cha halmashauri ya kijiji. Wanunuzi kwa hiyo ni wachache, na kabla ya fedha ya pamba kuingia huwa wachache zaidi.

Pingamizi zito ni kwamba fedha ya SACCOS ni akiba ya wanachama, na kuwasomea wadaiwa sugu haki zao ni kuwapa kiburi. Hofu hiyo ina msingi, lakini inaelekezwa pasipo pake. Nyumba ikitupwa kwa nusu ya thamani, pengo la deni halipotei. Huwaangukia wadhamini, ambao mara nyingi ni majirani na ndugu wanaolima pamba hiyo hiyo. Bei nzuri hukilinda chama sawasawa na inavyomlinda mdaiwa.

Pahali pa kuanzia ni tangazo lenyewe. Sheria ya Madalali, iliyotungwa tangu enzi za ukoloni, inataka mnada wa ardhi utangazwe kwa siku zisizopungua 14 katika mji mkuu wa wilaya na mahali pa mauzo, kwa Kiswahili pamoja na Kiingereza, na kwa njia ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Tangazo linalobandikwa Maswa mjini likiandikwa "kuuza rehani kwa mnada wa hadhara", likataja deni linalodaiwa na kwamba kitakachozidi ni cha mwenye nyumba, litakuwa limetumia mstari mmoja zaidi ya "mali ya mdaiwa sugu kupigwa mnada".