Kiingereza Kilivyosomwa Ufipa

Jina la Sumbawanga lenyewe ni amri ya Kifipa, yaani "tupa uchawi", na msomaji wa pwani, ambaye neno wanga analijua tangu utotoni, hahitaji mkalimani ila kwa nusu ya kwanza. Nalitanguliza jambo hili kwa kuwa Kiingereza hakikuwakuta watu wa nyanda za Ufipa mikono mitupu: kiliwakuta wana lugha yao, na Kiswahili, na Kilatini cha ibada.

Kwani Mapadri Weupe, wamisionari Wakatoliki waliokabidhiwa ngome ya Karema kandoni mwa Ziwa Tanganyika mwaka 1885, aghalabu walikuwa Wafaransa, Wabelgiji, Waholanzi na Wajerumani. Hata Waingereza walipoitwaa nchi baada ya vita vya 1914–1918, na Kiswahili kikaachiwa madarasa ya chini na Kiingereza kikashika yale ya juu, mara nyingi mwalimu wa lugha hiyo alikuwa mgeni ambaye naye aliipata ukubwani.

Ndipo orodha zikatawala: visawe, vinyume, nahau. Kitabu kilichovuma sana katika shule za Afrika Mashariki, "First Aid in English", kilitungwa na Angus Maciver, mwalimu wa Uskoti, kikatolewa Glasgow mwaka 1938 kwa watoto ambao Kiingereza walikisikia nyumbani. Mtoto asiyekisikia popote alikariri majina ya makazi ya wanyama kama akaririvyo katekisimu, akafaulu mtihani, asijue kuomba maji.

Vitenzi ndivyo vilivyomtaabisha zaidi. Kwa Kiswahili mtu huazima kalamu kwa jirani, naye jirani humwazima kalamu. Kitenzi ni kimoja, na upande wa kalamu hujulikana kwa kiambishi tu. Mwingereza ana "borrow" na "lend", naye mwanafunzi husema moja mahali pa jingine, akachapwa. Walakini penye "lie" na "lay", ambapo Waingereza wenyewe hujikwaa, lala na laza zimenyooka kama rula, na mwalimu aliyepiga marufuku Kiswahili darasani, kwa maoni yangu, aliutupa ufunguo akabaki akigonga mlango.

Na nahau je? Ile ya kupeleka makaa Newcastle, mji uliokuwa na makaa tele, ilikuwa fumbo tupu. Bali ile isemayo piga chuma kingali moto, ambayo sisi tungesema samaki mkunje angali mbichi, ilikuwa mali ya Wafipa kabla ya kuletwa na mtu. Kwani wazee wao waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, yaliyovuta upepo yenyewe pasipo mivuo, kisha wakakisafisha chuma katika tanuri dogo la kintengwe, lenye mivuo, ndipo mhunzi akakifua jembe.

Baadhi ya malungu hayo yangali yamesimama porini hata leo. Mwalimu wa Sumbawanga aifundishaye nahau ile na awapeleke wanafunzi wake wakayaone.