Katakata: kitenzi cha jikoni

Katakata ni uradidi wa kitenzi kata, nao huandikwa neno moja. Kukata kitunguu ni kukipitisha kisu, hata mara moja tu; kukikatakata ni kurudia tendo hilo hadi kiwe vipande vingi vidogo. Kwa hiyo mwandishi wa mapishi anayesema "kata bamia" bila kutaja ukubwa humwachia mpishi kubahatisha, na mboga isiyokatwa sawasawa haiivi kwa pamoja.

Chukua jiko la nyumbani huko Shelui, mkoani Singida, mkoa unaosifika kwa vitunguu. Njia ya haraka ni kukipasua kitunguu katikati, toka kichwani hadi kwenye kitako chenye mizizi, kukimenya, kisha kulaza upande bapa juu ya ubao ili kisiteleze. Hapo ndipo hukatwakatwa, kisu kikianzia kichwani; kitako hubaki hadi mwisho, kwani ndicho kinachoshikilia matabaka. Majani ya mboga hayakatwi hivyo: huchambuliwa, huoshwa, hukusanywa kitita kimoja na kukatwa membamba.

Katika kauli ya kutendwa, sehemu zote mbili hubadilika: katwakatwa, vikatwekatwe. Lipo pia katakata la kielezi, lenye maana ya "kabisa", kama katika "alikataa katakata". Humo kisu hakimo.

Ubao wenyewe ni wa kukatia. "Ubao wa kukata" husikika sana, lakini kinachokata ni kisu.